Ukurasa wa Bwana Shamba: Moyo wa Raba Uko Katikati



Mwezi huu sitazungumza juu ya mahindi. Sitazungumza juu ya viwavijeshi wala juu ya ghala. Nitazungumza juu ya raba za kukimbilia. Najua utashangaa. Utasema, Bwana Shamba amekosa kazi. Subiri kidogo nikueleze ilivyokuwa.

Nilikwenda Masuguru kuangalia mahindi ya mzee mmoja. Alitaka kujua kama yamekauka vya kutosha kuingia ghalani. Tulipomaliza tulikaa barazani. Binti yake alikuwa pale, amenyoosha miguu juu ya kigoda. Binti huyu anasoma sekondari. Ni mkimbiaji wa mbio ndefu. Shule yake ilikuwa imemchagua kwenda kwenye mashindano ya UMISSETA ya wilaya. Lakini siku ile alikuwa anachechemea. Muundi ulikuwa unamwuma, yaani ule mfupa wa mbele ya mguu, chini ya goti. Ulimwuma miguu yote miwili.

Mzee alikuwa na uchungu. Aliniambia hivi: "Bwana Shamba, nimeuza madebe matatu ya mahindi nikamnunulia raba gulioni. Alipokuwa anakimbia miguu mitupu hakuumwa. Leo ana raba nzuri ndiyo anaumwa. Basi, kukimbia kwenyewe kuishe. Ashike jembe kama wenzake."

Binti hakujibu. Alitazama chini tu.

Nikaomba kuziona hizo raba. Zilikuwa za mitumba, lakini kwa juu zilikuwa safi sana. Kitambaa hakikuchanika. Kamba zilikuwa mpya. Hata soli ya chini ilikuwa bado ina meno. Mtu yeyote angezinunua. Nikabonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba. Ulikuwa mgumu kama kigae. Hapo nikajua kwamba mzee alikuwa amenunua raba iliyokufa.

Sasa utauliza, je, raba hufa? Ndiyo, hufa. Tena hufa ndani, wakati nje bado inapendeza. Ili uelewe jambo hili, lazima kwanza tujue soli hufanya kazi gani.

Chukua yai moja. Ukiliachia kutoka urefu wa kiuno likaanguka sakafuni, litapasuka. Chukua yai jingine. Liachie kutoka urefu uleule, lakini safari hii lianguke kwenye kapu lililojaa pumba za mpunga. Halitapasuka. Kwa nini? Mayai yote mawili yalianguka kwa mwendo uleule. Tofauti ni namna ya kusimama. Lile la kwanza lilisimama ghafla, mara moja, kufumba na kufumbua. Lile la pili lilisimama polepole, kwa sababu pumba zilibonyea na kulipokea. Kitu kinachosimama ghafla hupata kishindo kikubwa. Kitu kinachosimama polepole hupata kishindo kidogo.

Wewe mwenyewe unalijua jambo hili. Fundi akikurushia tofali, huinyooshi mikono ikawa migumu. Unalipokea huku mikono inarudi nyuma pamoja nalo. Ukiruka kutoka mtini unakunja magoti. Hukufundishwa na mtu. Mwili unajua.

Mtu anapokimbia, kila hatua ni mruko mdogo. Miguu yote miwili huwa hewani, kisha mmoja unatua. Wataalamu wamepima kishindo hicho kwa mizani maalumu iliyowekwa sakafuni. Wameona kwamba mguu unaotua hubeba uzito wa mwili mara mbili hadi mara tatu. Tuchukue binti wa kilo 45. Kila hatua, mguu mmoja unabeba kati ya kilo 90 na kilo 135. Hilo ni gunia la mahindi. Akikimbia kilomita moja, kila mguu hutua mara 500 hivi. Akikimbia kilomita 8 kwenda shule na kurudi, kila mguu umepokea magunia 4,000. Wewe unayelalamika kupakia magunia 40 kwenye lori, fikiri.

Mungu hakuuacha mguu bila kinga. Mimi si fundi wa viatu. Cheti changu ni cha kilimo, na chuoni nilisoma kwato za ng'ombe kabla ya kufikiria raba. Ukipasua kwato la ng'ombe aliyechinjwa, chini ya mfupa utaona mto wa mafuta na nyama ngumu. Mto huo hupokea kishindo ng'ombe anapotembea. Ng'ombe aliyekonda sana mto wake hupungua, na ndiyo maana huweza kuchechemea hata kama hana kidonda. Binadamu naye ana mto kama huo kisiginoni. Unene wake ni karibu sentimeta 2. Bonyeza kisigino chako sasa hivi, utausikia. Juu ya hapo kuna upinde wa unyayo unaonyooka na kurudi. Kuna mshipa mnene nyuma ya kifundo unaovutika kama mpira wa manati. Halafu kuna goti linalokunjika. Soli ya raba inakuja kusaidia kazi hiyo, haiji kuianzisha.

Turudi kwenye raba. Ukiikata katikati kwa msumeno, utaona tabaka. Chini kabisa kuna mpira mgumu wenye meno. Kazi yake ni kushika ardhi na kuzuia kulika. Hapokei kishindo kikubwa mpira huyu, ni mgumu mno. Juu kabisa, pale unyayo unapokaa, kuna kipande chembamba ambacho mara nyingi unaweza kukitoa kwa mkono. Kipande hiki ni laini na kinapendeza unapovaa. Kinazuia malengelenge na kunyonya jasho. Watu wengi hudhani hiki ndicho kinacholinda mguu. Sivyo. Wauza mitumba wengine hulijua kosa hilo. Wanaweka kipande kipya ndani ya raba iliyokufa, wewe unaingiza mkono, unasikia laini, unalipa.

Kazi kubwa inafanywa na tabaka la kati. Ni lile nene, ambalo mara nyingi ni jeupe, linaloonekana ubavuni kati ya mpira wa chini na kitambaa. Huo ndio moyo wa raba. Limetengenezwa kwa sponji. Si sponji ya godoro, lakini ni ndugu yake. Ni plastiki iliyoumuliwa kama andazi mpaka ikajaa vipovu vidogo sana vya hewa. Kila kipovu kimefungwa peke yake. Mguu ukitua, vipovu vinabanwa. Kuta zake zinajikunja na hewa iliyomo ndani inasongamana. Mguu unasimama polepole, kama yai kwenye pumba. Mguu ukiondoka, vipovu vinajaa tena na kurudi vilivyokuwa.

Sponji hii hufanya pia kazi ya kata. Mama akibeba ndoo ya maji bila kata, uzito wote unakaa mahali padogo kichwani na panauma. Akiweka kata, uzito unaenea. Vivyo hivyo soli hueneza uzito, usikae wote kwenye kisigino au kwenye kijiwe kimoja ulichokikanyaga.

Lakini kulainisha peke yake hakutoshi. Jaribu kukimbia kwenye mchanga mkavu wa mtoni. Ni laini sana, lakini baada ya mita 200 umechoka. Mchanga umepokea nguvu yako na haukukurudishia kitu. Soli nzuri lazima ipokee na irudishe. Hapo ndipo sponji zinapotofautiana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado huko Marekani walipima raba tatu za mbio. Matokeo yao yalitoka mwaka 2017. Moja ilirudisha kama 66 katika kila 100 ya nguvu iliyotumika kuibana. Ya pili ilirudisha kama 76. Ya tatu, iliyokuwa na sponji mpya nyepesi na bamba la kaboni ndani yake, ilirudisha 87. Wakimbiaji waliovaa hiyo ya tatu walitumia nguvu pungufu kwa karibu 4 katika 100. Kwa mtu anayekimbia kilomita 42, hiyo si ndogo.

Sponji inayotumika zaidi huitwa EVA. Ilianza kuingia kwenye raba za kukimbilia katikati ya miaka ya 1970. Filbert Bayi wetu alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, sponji hiyo ilikuwa bado haijaenea. Hizi za sasa ni nene sana. Zilizidi kunenepa mpaka wakubwa wa riadha duniani wakaweka sheria mwaka 2020. Katika mbio za barabarani soli isizidi milimeta 40, na bamba lisizidi moja. Milimeta 40 ni karibu upana wa vidole viwili vya mtu mzima. Kwa hiyo hata huko juu wanajua kwamba soli ina nguvu.

Sasa tufike kwenye kifo cha raba. Vile vipovu vya hewa vinabanwa na kuachiwa mara elfu nyingi. Mwisho kuta zake zinapasuka, au zinajikunja na kubaki hivyo. Hewa inatoka. Sponji inashikana. Umewahi kulalia mto wa sufi wa zamani? Siku za kwanza ni mnono. Baada ya miaka umekuwa bapa na umejaa madonge. Foronya bado ni nzuri, lakini kichwa kinagusa kitanda. Raba ni vilevile.

Watu wa mbio husema kwamba raba ya kukimbilia hudumu kilomita 500 hadi 800. Tufanye hesabu pamoja. Chukua penseli. Mtoto anayekimbia kilomita 8 kila siku ya shule, siku tano, anapata kilomita 40 kwa wiki. Kilomita 500 gawanya kwa 40 ni wiki 12 na nusu. Kilomita 800 gawanya kwa 40 ni wiki 20. Kwa hiyo raba mpya kabisa itamtosha miezi mitatu hadi mitano. Na hii ya mitumba? Kuna mtu Ulaya au Marekani aliyeikimbia kabla yako. Huenda aliitoa kwa sababu moyo wake ulikuwa umekwisha, akaifua vizuri akaitia kwenye mfuko. Huko kwao hiyo ni sadaka. Huku kwetu ni madebe matatu ya mahindi.

Iko pia raba inayokufa bila kukimbiwa. Hili lilinipata mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua raba gulioni, ikiwa bado na karatasi ya bei ya huko ilikotoka. Nilijiona mjanja. Siku ya tatu nilikuwa natembea kwenda kwenye shamba la mfano. Nikasikia mguu mmoja unazama. Kutazama nyuma, naona makombo njiani kama ya andazi. Soli ilikuwa inamomonyoka. Nilifika shambani nimeshika viatu mkononi, na wakulima walicheka mpaka wakakaa chini. Baadaye nilijifunza sababu. Ziko soli za kati zinazotengenezwa kwa plastiki iitwayo poliyurethani. Plastiki hii huliwa polepole na unyevu wa hewa. Raba ikikaa kabatini au ghalani miaka mingi, soli inaoza ndani ingawa haikuguswa. Ukiivaa tu, inavunjika.

Basi ukienda gulioni, usianze na kitambaa. Anza na ubavu wa soli. Bonyeza kwa kidole gumba, hasa chini ya kisigino. Sponji hai inabonyea kidogo na kurudi haraka. Iliyokufa ni ngumu, au inabonyea na kubaki na shimo. Kisha tazama ubavu huo kwenye mwanga. Ukiona mikunjo mingi midogo iliyolala, kama ngozi ya kiwiko cha mzee, jua imebanwa mno. Kwaruza kidogo kwa ukucha. Ikitoa unga, rudisha. Weka raba zote mbili juu ya meza, chuchumaa, uzitazame kwa nyuma. Zisimame wima. Zikiegemea upande, mwenye nazo wa kwanza alikanyaga upande, na wewe utalazimishwa kukanyaga kama yeye. Mwisho toa kile kipande cha ndani, kiweke pembeni, ndipo ubonyeze sakafu ya raba. Muuzaji akikasirika, mwache akasirike. Fedha ni yako.

Ukishainunua, usiianike juu ya bati wala usiikaushe karibu na jiko. Joto kali huifanya sponji inywee na kukakamaa. Ikilowa, ianike kivulini na uijaze karatasi ndani inyonye maji. Gazeti hili linafaa, ukishamaliza kulisoma. Kama mtoto anaweza kuipumzisha siku moja na kukimbia siku nyingine, afanye hivyo. Vipovu vinahitaji muda kujaa tena.

Yule mzee aliniuliza swali zuri. Kwa nini binti hakuumwa alipokuwa miguu mitupu? Hili ni jambo ambalo wataalamu wengi wamelifuatilia. Mwaka 2010 ulitoka utafiti uliofanywa Marekani na kwa wakimbiaji wa Bonde la Ufa huko Kenya. Uliona kwamba waliozoea kukimbia bila viatu mara nyingi hutua kwa mbele ya unyayo au kwa unyayo mzima. Kwa njia hiyo kile kishindo cha ghafla huwa kidogo. Waliozoea raba nene mara nyingi hutua kwa kisigino, kwa sababu soli inawaruhusu. Sasa fikiri. Binti alikuwa anatua kwa mbele miaka yote. Akapewa raba. Akaanza kutua kwa kisigino, akiiamini soli. Na soli yenyewe ilikuwa kigae. Amepoteza kinga ya zamani, na kinga mpya hakupata. Mimi nadhani hapo ndipo muundi ulipoanza kulalamika.

Usinielewe vibaya. Sisemi watoto wakimbie bila viatu. Barabara zetu zina miiba, chupa na changarawe. Mwethiopia Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki huko Roma mwaka 1960 bila viatu, na watu hulisimulia hilo mpaka leo. Lakini mwaka 1964 huko Tokyo alishinda tena, na safari hiyo alivaa viatu. Mguu ulikuwa uleule. Na katika mji uleule wa Tokyo, mwaka 2025, Alphonce Simbu wetu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mjerumani Amanal Petros aliandikiwa muda huohuo, na picha ya mwisho ndiyo iliyoamua. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mtanzania kuwa bingwa wa dunia wa riadha. Ushindi wa namna ile hauletwi na raba peke yake. Lakini hakuna anayekwenda Tokyo kama muundi wake ulivunjika akiwa kidato cha pili.

Wala usifikiri kwamba laini zaidi ni bora zaidi. Mwili hujirekebisha. Ukikanyaga mahali laini mno, mguu unajikaza wenyewe. Ukikanyaga mahali pagumu, goti linakunjika zaidi. Lakini sponji ina faida yake. Huko Luxembourg watafiti waliwagawia wakimbiaji zaidi ya 800 raba za sura moja. Wengine walipata soli ngumu na wengine laini, bila kuambiwa. Baada ya miezi sita walioumia zaidi walikuwa wenye soli ngumu. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Tena faida ya soli laini ilionekana zaidi kwa watu wepesi wa mwili. Mabinti wetu wengi ni wepesi.

Nilimweleza mzee haya yote, ingawa kwa maneno machache kuliko ninayokuandikia wewe. Nikamwambia jambo moja kabla ya raba. Maumivu yakiwa yametanda kwenye muundi wote, apumzike kukimbia wiki mbili au tatu. Lakini yakiwa mahali pamoja, ukigusa kwa ncha ya kidole anaruka, au yakimwuma usiku akiwa amelala, basi apelekwe zahanati. Mfupa unaweza kuwa na ufa mdogo. Ufa huo ukikimbiwa huwa mvunjiko. Mzee akamgusa binti yake mwenyewe, polepole, kutoka gotini hadi kifundoni. Yalikuwa yametanda. Alishusha pumzi.

Mashindano ya wilaya yalimpita. Hilo lilimwuma kuliko muundi, na mimi sikuwa na la kumwambia. Alipopona alianza kukimbia kwenye nyasi za uwanja wa shule, dakika kumi, halafu kumi na tano. Gulio lilipofika, mzee alikwenda naye. Walikaa kwenye lundo la viatu tangu asubuhi, wakibonyeza raba moja baada ya nyingine, mpaka muuzaji akawauliza kama wananunua embe. Waliyochagua ina doa kubwa la wino mbele na kamba zake ni za rangi mbili. Bei ilikuwa nusu ya ile ya kwanza.

Binti sasa anaandika kilomita zake kwa chaki kwenye mlango wa ghala, ili ajue siku ya kuibonyeza tena. Nilipopita juzi kuangalia mahindi, jumla ilikuwa 112.